Hirizi za Malkia

Mjukuu wangu alikuwa anasomea kuimba chuoni, wakampa nafasi ya malkia katika opera ya Kijerumani, mchezo unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho. Hadithi yenyewe ni ya Wayunani wa kale. Malkia kamuua mumewe, usingizi haumjii kwa ndoto mbaya, basi anajivika hirizi mwili mzima. Hazimfai kitu. Mwanawe wa kiume anarudi kumuua.

Akaniletea gauni hapo mtaa wa Berea, ugenini tulipokuwa tunakaa, nilishonee hirizi ishirini. Marehemu baba alikuwa fundi ngozi kwetu Tanga, kazi hiyo naijua. Alinifundisha kwamba ukifunga hirizi lazima utaje jina la atakayeivaa na la mama yake, la sivyo umeshona kifuko tu. Basi mkono ukishazoea haukuulizi. Nikashona nikataja, nikashona nikataja, jina la mjukuu wangu na la mama yake, zote ishirini.

Gauni lilishachukuliwa, mimi niko jikoni namenya vitunguu, ndipo nikashtuka. Nimemfunga mtoto kwenye mwili wa mtu anayeuawa.

Jumamosi mchana nikapanda teksi mpaka chuoni kwao, nikakuta mchezo umeshaanza. Mjukuu wangu akatoka jukwaani, hirizi zangu zinaning'inia kifuani, akaimba, akaingia ndani. Mara yowe. Si la kuimba lile, ni la mtu anayechinjwa. Likaja la pili. Na malkia hakutoka tena.

Niliinuka, nikawakanyaga watu miguu, nikazunguka nyuma ya jukwaa. Nikamkuta amekaa juu ya kreti, anakunywa maji.

“Bibi, mchezo haujaisha. Umefuata nini huku?”

“Vua gauni.”

“Kesho nalivaa tena.”

“Utalivaa. Leo vua.”

Nikamweleza nilichofanya. Nilitegemea atanicheka, hawa waliosoma wanapenda kutucheka. Badala yake akashindwa hata kufungua vifungo, nikamfungulia mimi.

“Ungenyamaza tu, Bibi. Sasa nitapigaje yowe kesho?”

Nyumbani nilizifumua zote kwa wembe, nikazishona upya nikitaja jina langu na la mama yangu. Alikaa mbele yangu akisikiliza moja moja, hakuniamini.

Kesho yake yowe lilipotoka nilishika kiti kwa mikono miwili. Niliogopa sana, sifichi. Lakini safari hii nilijiogopea mwenyewe, nikaweza kukaa.