Pete ya Protini na Haraka ya Mkuu

Mwenzangu wa meza ya maabara tunamwita Fundi Pete, na nisiposema leo nitapasuka. Kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa hiyo hiyo: kuunganisha asidi amino chache, vile vijenzi vya protini, ziwe mnyororo mfupi, kisha kuufunga kichwa kwa mkia uwe pete. Pete hiyo hujipenyeza kati ya protini mbili ambazo zikishikana tu, uvimbe wa saratani unakua. Mama yake mzazi bado humuuliza kama anatumia dhahabu au fedha.

Kuunda mnyororo wengi wanaweza. Kuufunga ndiko kunakotaka moyo. Ukiirundika minyororo kwenye chupa ndogo, kila mmoja hudaka mkia wa jirani badala ya wake, unaambulia gundi. Ndiyo maana yeye hutumia chupa kubwa yenye kimiminika kingi na kuidondoshea humo minyororo tone moja moja, siku mbili nzima.

Mkuu wetu wa maabara hana siku mbili za kitu chochote. Wafadhili walishasema wanataka kuiona pete Ijumaa, la sivyo mradi unafungwa na Fundi Pete anarudi nyumbani. Mnyororo uliobaki ulitosha jaribio moja tu. Jumatano Fundi Pete akaandaa chupa yake kubwa, akatoka kwenda kula kama binadamu wengine. Aliporudi akakuta chupa ndogo mezani, ndani gundi ya kahawia.

"Nimekusaidia kidogo, dada," Mkuu akasema, anatabasamu kabisa. "Nimeumwaga mnyororo wote humo kwa mkupuo."

Jamani! Na shahada tatu zimetundikwa ukutani!

Fundi Pete hakupiga kelele. Niliyepiga ni mimi. Yeye alisema tu, "Mzee, kutengeneza mnyororo mwingine ni siku sita. Wapigie wafadhili sasa hivi, uwaambie nani amemwaga."

"Si tuseme mashine imeharibika?"

"Mashine gani, mzee?"

Mkuu akapiga. Akamung'unya maneno weee, mwishowe akakiri. Wakampa siku kumi, kwa sharti awaandikishe jina la atakayeifunga hiyo pete. Mkuu akaziba simu kwa kiganja, akaninong'oneza, "Hivi huyu Fundi Pete anaitwa nani hasa?"

Miaka kumi na moja! Niliona aibu utadhani nimeuliza mimi. Mwenyewe alikuwa amesimama palepale. Akaichukua simu mkononi mwa Mkuu, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, herufi kwa herufi, mpaka upande wa pili waliposema wameandika.