Binti Aliyetaka Mwanya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koleo kabla sijaonyeshwa pa kuweka mkoba. Nilikuwa tabibu wa meno, nimetoka chuoni juzi tu, na kichwani nimejaza somo la elimu ya afya ya kinywa ambalo nililipenda kuliko mengine yote. Mkuu wangu katika hospitali ile ya wilaya, upande wa Mbozi, alikuwa Daktari Msaidizi wa Meno, mzee mwenye mikono mipana na maneno machache.

"Chuoni wamekufundisha nini?" akaniuliza.

"Kinga na tiba, mzee. Na kuelimisha jamii."

"Vizuri. Jamii yenyewe imekaa kwenye benchi pale nje, imeshika mashavu. Anza na yule wa kwanza."

Nikaanza. Ninyi mnaoingia kazini leo mna picha za eksirei na viti vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza. Sisi tulikuwa na kiti cha mbao chenye pa kuegemeza kichwa, sindano ya ganzi pale ganzi ilipokuwepo, na makoleo ya maumbo mbalimbali, maana koleo la gego si la jino la mbele, na la juu si la chini. Kung'oa niliweza haraka. Walionichanganya tangu mwanzo ni vijana. Mtoto anabalehe, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, anakuja na gego la kwanza la kudumu limeoza mpaka kwenye mzizi. Gego hilo huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma kabisa, bila kusukuma jino jingine, kwa hiyo wazazi hudhani ni la utoto na litang'oka lenyewe. Namng'olea jino ambalo lingetafuna makande mpaka uzeeni, na mwenyewe ananiuliza jingine litaota lini. Iliniuma. Nilimwambia mkuu wangu, naye akasema nitazoea. Sikuzoea.

Baadaye akaja Mganga Mkuu wa Wilaya mpya, mtu wa semina. Akaniita ofisini. "Nasikia wewe unapenda kusema," akaniambia. "Kesho gari la chanjo linakwenda Iyula. Panda, ukaseme na wanafunzi."

Nilipanda na taya langu la plasta na mswaki wa mfano, mkubwa kama ufagio wa choo. Katika shule moja ya sekondari kule niliwaeleza ukoga, ule utando laini unaoganda kwenye meno usipopiga mswaki. Nikawaeleza kwamba vijidudu vya kwenye ukoga hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayotoboa jino. Nikawaonya kwamba sukari ikilala kwenye jino usiku, jino litatoboka tu. Mwisho nikawaonyesha kupiga mswaki kwenye lile taya. "Tunaanzia nyuma, kwenye magego," nikasema. "Mtu hafagii chumba kuanzia mlangoni."

Mfano huo niliupenda sana. Watoto wa shule ya msingi walikuwa wakiurudia kwa sauti. Hawa wakubwa walipiga miayo. Nikauliza kama kuna swali, kijana mmoja wa nyuma akasimama.

"Madamu, huo mwanya wako umechongwa au umezaliwa nao?"

Darasa zima likaangua kicheko. Ni kweli nina mwanya, katikati ya meno mawili ya juu, nimeurithi kwa mama, na wakati wa usichana wangu ulisifiwa mpaka nikachoka kusikia. Nikajibu kwamba nimezaliwa nao, nikakusanya taya langu na kurudi garini. Njia nzima nilijiuliza kama kuna aliyesikia hata neno moja.

Mwaka uliofuata, msimu wa kuchuma kahawa, mama mmoja wa Iyula aliingia kliniki akimvuta binti yake kwa mkono. Binti aliitwa Anyesi, alikuwa kidato cha pili katika shule ile ile.

"Daktari, huyu mdomo unanuka na hataki kuletwa," mama akasema. "Anafunga mdomo kama kuku aliyeiba punje."

Nilipomfumbua niliona meno mawili ya mbele ya juu yameliwa ubavuni, yanatazamana kwa tundu jeusi. Mengine yote yalikuwa safi kabisa. Sikuwahi kuona mdomo wa namna ile. Mla sukari huoza magego kwanza, na mtu asiyepiga mswaki huoza popote. Nikamwomba mama atusubiri nje.

"Yanauma?" nikamuuliza Anyesi.

"Nikinywa maji ya baridi tu."

"Sasa mbona hukutaka kuja?"

Akatazama chini. "Mtauharibu. Ndiyo mwanya unafunguka."

Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza, lakini hapa nilibaki mdomo wazi. "Unafungukaje, mwanangu?"

"Si ulisema mwenyewe, mama. Ulisema sukari ikilala kwenye jino, jino linatoboka. Nikawa naibana pipi hapa katikati ninapolala. Ya nyuma nayapiga mswaki sana, ili yasitoboke na yenyewe."

Katika darasa lote la wapiga miayo, mmoja alikuwa amesikiliza, ameelewa, na amekwenda nyumbani kufanya somo la vitendo. Ningekuwa mwalimu wa kemia ningempa alama zote. Sikujua nicheke au nilie, na nikiri kwamba hata sasa sijui.

Daktari Msaidizi akaja, akatazama kidogo. "Ng'oa yote mawili," akasema. "Si anataka mwanya? Atapata lango."

"Mzee, mizizi bado hai. Mbeya wanaweza kuyaziba."

"Basi mpeleke Mbeya, ukawaeleze ugonjwa huo unaitwaje."

Kuziba jino ni kukereza sehemu iliyooza kwa mashine na kujaza pale dawa ngumu. Sisi hatukuwa na mashine hiyo. Mama alikubali safari mara moja. Anyesi akakataa.

"Mkiziba mtaziba na mwanya. Siendi."

Mama yake alimtolea maneno ya Kinyiha ambayo sikuyaelewa yote, ila sauti yake niliielewa. Nikamshika Anyesi bega, nikamwonyesha koleo la meno ya mbele. Nikamwambia kwamba asipokwenda, kabla ya mwaka kwisha nitalazimika kulitumia hili, na msichana mwenye pengo la meno mawili hana mwanya, ana pengo. Akaligusa lile koleo kwa ncha ya kidole.

"Nikienda, wataniachia?"

"Nitawaomba."

Niliomba ruhusa, tukaenda wote watatu. Daktari wa Meno wa Mkoa, maana siku hizo sisi wote tulikuwa Mkoa wa Mbeya, alikuwa mtu wa miwani na ukali wa upole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi yetu ni kulirudisha jino lilivyokuwa," akasema.

"Lilivyokuwa ndilo alilolikataa, daktari. Ukimrudishia hilo atarudi kwenye pipi."

Akanitazama. Ukweli ni kwamba hakunitazama mimi, alitazama meno yangu. "Na haya mawazo ya mwanya ameyatoa wapi?"

"Sijui, daktari."

"Hujui?"

"Nilikwenda kufundisha mswaki."

Akavuta taa karibu. Alilikereza na kulijaza kila jino peke yake, na katikati akaacha nafasi ambayo njiti ya kiberiti ingepita. Alipomaliza alimpa Anyesi kioo kidogo. "Mwanya ninakuachia," akamwambia. "Lakini mwanya wenye mabaki ya ugali unaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Usipousafisha utajuta kuwa nao." Anyesi alijitazama muda mrefu, akafunga mdomo, akaufungua tena. Sikuweza kujua anafikiri nini.

Baadaye nilihamishiwa Tunduma. Pale vijana wa mpakani walinisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mayo," yaani hujambo, mama, chupa ya soda mkononi asubuhi na jioni, kisha wakauliza kama naweka meno ya dhahabu. Nilijifunza kutoanza na vijidudu. Nilianza na jino la dhahabu, nikawaambia halikai kwenye ufizi unaotoka damu, na hapo ndipo walipouliza damu ya ufizi inatibiwaje. Mwishoni nikapelekwa Chitete, kule bondeni, na huko nikachanganyikiwa upya. Vijana wa bondeni, watoto wa wafugaji waliokulia kwenye maji ya visima yenye floraidi nyingi, madini yanayokaza jino na kulitia rangi, walikuwa na meno ya rangi ya kahawia, magumu, wengi hawana tundu. Hao ndio walionifuata wakilia kwamba meno yao ni machafu. Wenye meno meupe yaliyotoboka hawakulia mpaka yaume.

Nilistaafu kabla sisi hatujawa mkoa wetu wenyewe, nikajenga Chapwa, Tunduma. Jumapili moja mlango ukabishwa. Alikuwa Anyesi, mama mtu mzima sasa, na nyuma yake binti yake anayemzidi urefu.

"Shikamoo, mama daktari. Nimemleta huyu umwambie. Mimi hanisikii."

Binti alikuwa na mwanya wa kuzaliwa, mzuri, wa upande wa baba yake. Alitaka awekewe waya za kuvuta meno ili mwanya uzibe, kwa sababu kwenye picha za simu, alisema, unaonekana kama jino limetoka.

"Nilichokitafuta kwa pipi," Anyesi akasema, "huyu kapewa bure na anakikataa."

Nikamwomba Anyesi mwenyewe afumbue kwanza. Kazi ya Daktari wa Meno wa Mkoa ilikuwa bado ipo, imebadilika rangi kidogo, kingo zake safi. Nikamuuliza jambo lililonisumbua miaka yote, kama kuna kingine alichokisikia siku ile darasani zaidi ya sukari.

"Nikudanganye, mama? Nilikuwa naangalia mdomo wako tu."

Basi nikamgeukia binti. Nikamweleza kwamba waya hushika chakula kuliko mwanya, kwa hiyo kabla ya kumshauri lolote nataka kuona anavyopiga mswaki. Akasimama katikati ya sebule yangu, akainua kidole kama mswaki, akakipeleka nyuma kabisa kwenye magego.

"Mbona unaanzia huko?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Bibi, kwani mtu anafagia chumba kuanzia mlangoni?"

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mama, nani mwingine? Kila usiku, tangu nikiwa mdogo."

Nikamtazama Anyesi. Alikuwa ameshangaa kuliko mimi.