Kamera ya Baba, Filamu ya Kigeni

Baba alikuwa mpiga picha katika kambi ya wafanyakazi ya Panda. Alikuwa na kamera ya kukunja inayotoa picha papo hapo: unavuta karatasi, unangoja kidogo, unabandua. Alipofariki, filamu zake zilikuwa hazitengenezwi tena, nayo kamera ikabaki juu ya kabati.

Mwaka jana miguu ya mama ilianza kukataa. Jumapili moja, tuliporudi kanisani, akaniambia, "Baba yenu alikuwa anapigaka bantu bote foto. Miye hapana. Alikuwa anasema: weye iko hapa kila siku, tutapiga kesho."

Nikatoa simu. Akausukuma mkono wangu. "Hapana ya simu. Ya ile apare yake," akasema, akionyesha kamera juu ya kabati.

Ninafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha shaba. Kufikia Jumamosi sina hata hamu ya kuongea. Lakini dada yangu alileta kutoka Lubumbashi kamera ndogo ya plastiki, nayo ya picha za papo hapo, lenzi yake imevunjika, pamoja na pakiti ya filamu za picha kumi. Nikakata mgongo wa kamera ya baba kwa msumeno wa chuma. Nilisita, kwa sababu alipokuwa hai hatukuruhusiwa hata kuigusa. Kisha nikaunganisha mgongo wa ile ya plastiki, wenye roli mbili zinazosukuma filamu nje.

Picha ya kwanza ilitoka nyeupe tupu. Filamu mpya inashika mwanga haraka kuliko ile ya zamani, kwa hiyo nikavunja miwani yangu ya jua na kubandika kioo chake mbele ya lenzi. Ya pili na ya tatu zikawa ukungu: filamu ilikaa nyuma mno. Nilipiga tupa ukingo wa chuma Jumamosi tatu, hadi vidole vikafa ganzi. Kisha mwanga ukawa unapenya kwenye maungio. Nikaziba kwa mpira wa baiskeli. Ya nne ikaharibika, ya tano, ya sita, ya saba. Kila mara mama alivaa kitenge kilekile, akajipaka mafuta, akakaa kwenye kiti mlangoni.

Ya nane ilipotoka nyeupe tena, nikaketi chini. "Mama, nimechoka. Tuache."

"Pumzika kwanza," akasema. "Miye naikala tu hapa."

Nikapumzika. Halafu nikakaza mpira tena, nikapiga. Tuliingoja picha ya tisa juu ya magoti yake. Sura ilikuja polepole: mashavu, kilemba, mdomo uliofungwa. Kona moja ilikuwa imeungua kwa mwanga.

Aliitazama sana. "Nilizeeka hivi?"

Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaiweka picha ndani ya Biblia.

Filamu moja ilibaki. Niliiacha kamera magotini pa mama, nikaenda kuegemea ukuta, nikafumba macho kidogo. Nilizinduliwa na mlio wa roli. Mama alikuwa ameishika kamera kwa mikono miwili, akicheka.

"Nilifinya tu," akasema, kidole bado kwenye kitufe.

Kwenye picha hiyo nimelala, mdomo wazi, vidole vyeusi kwa vumbi la chuma. Nilimwomba aitupe. Alikataa, na Jumatatu asubuhi, nilipokuwa nafunga viatu kwenda kazini, nilimsikia akiwaonyesha majirani.