Sahani ya Katikati

Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mtu asinitafutie makosa hapa. Chai yangu nilipanda mwenyewe, mche kwa mche, baada ya miaka mingi ya kuchumia wenye mashamba makubwa huko Kericho. Tulivuka kutoka Kisii na mama watoto tukiwa na sufuria mbili na blanketi. Leo tuko na shamba letu upande wa Mogogosiek, na hakuna mtu alitushika mkono.

Kati ya shamba na kituo cha majani kuna mlima. Zamani nilikuwa na ile baisikeli nyeusi nzito, isiyo na giya hata moja. Nilipakia magunia mawili bila kuyashindilia, maana majani ya chai ukiyafinya yanapata joto, yanakuwa mekundu, na karani anayakataa. Mimi nilishika usukani, mama watoto akasukuma kutoka nyuma. Hatukuonana, magunia yako katikati, lakini tulikuwa tunaongea. Ule mlima ndio ulikuwa baraza letu. Ng'ombe wa kwanza tulikubaliana kumnunua hapo. Mtoto wa kwanza asome wapi, tulikata maneno hapo. Akisema jambo ambalo silitaki nilikuwa nanyamaza. Basi naye anaacha kusukuma, baisikeli inaanza kurudi nyuma, mpaka nijibu.

Siku hizi magoti yake yamekataa. Anachuma ya karibu na nyumba, mlima hapandi. Ile nyeusi nayo fremu ilikatika. Ndipo kijana wetu mkubwa, ambaye ana duka Kericho, akaniletea baisikeli ya giya, yenye sahani tatu za meno mbele na saba nyuma. Nyuma haikuwa na neno. Shida ilikuwa mbele. Matope yetu mekundu yakiingia, cheni ikihama sahani inaangukia kando na kukwama. Mara mbili lori la kiwanda liliondoka nikiwa nimepiga magoti mlimani, mikono myeusi, majani yakiungua kwa joto ndani ya magunia.

"Baba, tukodishe hiyo chai," kijana akaniambia kwa simu. "Kuna mtu hapa mjini anaitaka. Wewe upumzike."

Nikamjibu kwa hasira, "Lori likiniacha mara ya tatu, kodisha."

Neno likishatoka kwangu silirudishi, na yeye anajua.

Fundi wa Kericho alitaka kuniuzia kranki mpya, yaani mikono ya pedali, yenye sahani moja ya meno ya kipekee yasiyoachia cheni. Nikaondoka na baisikeli yangu. Sahani tatu ninazo, ya nne ni ya nini?

Nyumbani nikaigeuza baisikeli miguu juu, nibakishe sahani moja tu mbele ili cheni isiwe na pa kuhamia. Nikatoa kile kidude cha mbele kinachosukuma cheni, na waya wake, na kishikio chake, nikavitundika kwa banda la kuku. Sahani zenyewe zilikuwa zimepigwa ribiti, hakuna cha kufungua na spana. Nilisaga vichwa vya ribiti kwa tupa karibu siku nzima, kisha nikazing'oa kwa msumari na nyundo. Nikatafuta bolti. Na sahani niliyorudisha ilikuwa ile kubwa.

Mama watoto alikuwa kwa kiti chake akitoa vijiti kwenye majani.

"Si uweke ya katikati?"

"Kubwa nilikuwa naendesha kabla hujanijua."

"Ndiyo. Na uliponijua nikaanza kusukuma."

Nikaikaza hiyo hiyo kubwa. Siku ya majani ilipofika mlima ulinishinda kabla ya nusu. Nikashuka, nikasukuma peke yangu, na hapo nikausikia ule ukimya. Miaka yote nilidhani mama watoto alinisaidia na mikono tu. Nilijikuta nimesimama, nikingoja mtu aseme kitu nyuma ya magunia. Kilichoniamsha ni honi ya lori.

Nilifika turubai la lori likifungwa. Karani ni mama wa Kikipsigis, tumezoeana.

"Boiyot," akasema, hivyo ndivyo wanavyomwita mzee, "leo umeleta chai au umeleta baisikeli?"

Alinipimia, lakini dereva alinuna. Nikajua siku nyingine hataningoja.

Kuandika hapa ni rahisi, kusema nyumbani ndiyo ilikuwa kazi. "Iko wapi ile sahani ya katikati?" nikauliza. Mama watoto akainua sufuria ya maziwa. Sahani alikuwa ameifanya kitako cha kuwekea hiyo sufuria. Akaifuta na leso yake, akanipa.

Ya katikati nikaifunga ibebe cheni. Ile kubwa niliisaga meno yote mpaka ikawa duara laini, nikaifunga upande wa nje iwe ukuta, cheni isidondoke huko. Kidude cha banda la kuku nikakirudisha bila waya, nikakaza skrubu zake kisitembee, kikawa ukuta wa upande wa ndani. Cheni sasa ilikuwa ndefu, nikaipunguza pingili. Kitu nilichonunua ni bolti peke yake.

Siku ya kuchuma iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Majani yaliyolowa ni mazito kama mawe. Nilipanda nikiwa nimekaa, miguu ikizunguka mbio, baisikeli ikitambaa. Wanawake wawili wenye vikapu mgongoni walinipita kwa miguu.

"Mzee, tukusalimie watu wa huko juu?"

"Nisalimieni dereva. Mwambieni akiondoka nitamfukuza na hii hii."

Walicheka mpaka kona. Mimi sikushuka. Cheni ililia na matope, ikagonga ukuta wa nje, ikagonga wa ndani, haikutoka. Nilipofika, lori ndiyo kwanza lilikuwa linaingia kituoni. Karani akatia mkono chini kabisa ya gunia, akatoa majani, akayafungua kwa vidole.

"Haya, weka kwa mizani."

Jioni kijana akapiga. "Baba, yule mtu ananisumbua. Nimwambie nini?"

"Mwambie lori limeondoka na chai yangu."

Akauliza, "Na siku ukishindwa?"

"Nitakwambia mwenyewe. Si wewe uniambie."

"Sawa, baba."

Mama watoto akataka kujua kijana amesema nini. Nikamwambia hakuna kukodisha. Basi akaniuliza ule upande wa mtoni tutauchuma lini. Nikasema Jumatatu. Akasema Jumanne, tukabishana mpaka ugali ukapoa.