Mapaa Mawili ya Mama Marceline

Kambini kwetu Panda, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya mgodi, mtu akitaka kukutukana bila kutumia tusi alikuambia: "Nyumba yako haiyaonana na Mama Marceline." Ulijua papo hapo kwamba ameona vyungu vyako mlangoni na nguo zako juu ya kiti.

Marceline alikuwa mjane wa fundi wa kiwandani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nyumba yake ilikuwa sawa na zetu zote za kampuni: sebule, chumba cha kulala, na kibanda cha kupikia nyuma. Kwake hata hivyo ungeweza kucheza ngoma. Kitanda alikipandisha juu ya matofali mpaka chini yake likaingia sanduku la nguo, gunia la makaa na mabeseni. Sufuria, vikapu, hata viti, vilining'inia ukutani kwa misumari aliyoing'oa kwenye makreti mabovu na kuinyoosha kwa jiwe. Posho ya unga ilipokoma na mshahara ukawa hadithi ya zamani, aliuza kabati, halafu meza, akasema afadhali, vilikuwa vinakula nafasi. Mimi niliuza vitu kama yeye, na kwangu bado watu walijikwaa. Jambo hilo liliniudhi sana.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Estelle, aliyeolewa mjini na karani mpole aitwaye Didier. Wazazi wa Didier walitoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini kabla yeye hajazaliwa. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Likasi, alibatizwa hapahapa, na Kasai hajawahi kukanyaga. Mwaka ule wa tisini na mbili hayo hayakumsaidia kitu. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kazini, kisha wakafukuzwa majumbani. Didier, Estelle mwenye mimba, na binti yao mdogo Jenny wakajikuta stesheni chini ya turubai, katika umati wa wenzao, wakingoja gari moshi ambalo hakuna aliyejua litafika lini. Watoto walikuwa wanakufa pale kwa kuhara. Na katika waliokwisha kuondoka, tulisikia kuna waliozikwa kando ya reli.

Mama Marceline alitaka jambo moja tu duniani: binti yake asipande gari lile.

Mgeni atauliza, si angewachukua tu nyumbani kwake? Haikuwa rahisi hivyo. Kwetu mama na mume wa binti yake ni buko, na heshima ya buko si mchezo. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, anageuza mgongo mpaka mwenzake apite. Kulala chini ya paa moja ndiyo kabisa haiwezekani. Siku hizo watu wa kwetu na watu wa Kasai waligombana kwa kila kitu, lakini kwa jambo hilo walikubaliana.

Nilimsindikiza stesheni. Alisimama nyuma ya rundo la magodoro akielekeza uso kwenye reli. Upande wa pili Didier aliketi juu ya sanduku, naye kampa mgongo. Estelle alikuwa katikati na tumbo lake.

"Estelle," mama akasema, "ambia bwana yako, nyumba iko. Mukuye."

"Estelle," Didier akajibu, ingawa mkwewe alisikia kila neno, "ambia mama, aksanti sana. Mais minye siwezi kulala mu nyumba ya buko. Banilitosha ku kazi, banilitosha ku nyumba. Heshima njo ilibakia."

"Basi Estelle na mutoto bakuye bao peke."

"Mama, minye siachi bwana yangu hapa," Estelle akasema, na hapo akaanza kulia.

Baba mdogo wa Didier, mzee Joachim, alikuwa amelala kando juu ya mkeka. Akainuka akaamua kesi: "Nyumba ni paa. Paa moya, nyumba moya. Siku paa itakuwa mbili, tutaongea." Alijilaza tena akiamini amemaliza maneno. Masikini, hakumjua Marceline.

Kesho yake asubuhi nilisikia nyundo. Dirisha la chumba cha kulala alikuwa analipanua liwe mlango. Matofali aliyoyatoa hapo aliyabeba ndani, akaziba nayo mlango wa katikati, ule wa kutoka sebuleni kwenda chumbani. Saruji hakuwa nayo, akatumia udongo. Sasa vyumba viwili vilikuwa haviingiliani tena. Nikadhani amemaliza. Akaweka ngazi, akapanda, akaanza kung'oa mabati yaliyofunika ukuta wa kati, kutoka kichwani mwa paa hadi mwishoni.

"Weye uko na wazimu!" nikampigia kelele. "Mvua ile inakuya!"

"Mama Adrienne, simama hapa ndani. Angaria juu. Unaona nini?"

"Mawingu. Naona mawingu, weye mwanamuke!"

"Bon. Kama mawingu inapita katikati, nyumba ziko mbili."

Mabati aliyoyang'oa hakuyaacha bure, aliyafanya kibaraza mbele ya mlango mpya, wapate kupikia pakavu. Chini ya uwazi ule akachimba mfereji sakafuni, akaupeleka nje. Kitanda akawaachia wao. Mkeka akaulaza sebuleni, mbali na mfereji. Kwa jinsi alivyogawa sufuria na mabeseni, ungesema ana watoto wawili wa kuwarithisha siku hiyo hiyo.

Mzee Joachim alikuja, akainua kichwa, akavua kofia. "Ziko mbili," akasema. Jioni ile Didier aliingia kwa mlango wake mpya na mwanawe mgongoni.

Waliishi vizuri, na walituchekesha. Kabla ya kutoka, Mama Marceline alikohoa, Didier abaki ndani. Kabla ya kutoka, Didier alikohoa, mama ajifiche. Kambi nzima ilijifunza kutofautisha vikohozi vyao, na watoto wetu wakawa wanawaiga. Mimi pia nilicheka, hadi alfajiri moja nilipomwona Didier anafagia uwanja wa upande wa mkwewe polepole, anajaza mtungi wake, kisha anakimbia kwake kabla mama hajaamka. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoweza kumfanyia mtu aliyemwokoa. Niliona uchungu, nikawakataza wanangu kuiga kikohozi.

Lakini udongo si saruji, na mvua za mwaka ule hazikuwa na huruma. Maji yalishuka katika uwazi ule kila mchana, yakatiririka ukutani, yakala kidogo kidogo kile kipande alichokiziba. Marceline alikiona kinavimba. Nilimwambia rudisha bati, hata moja. Alikataa. Alisema akifunika kidogo tu, Didier ataondoka, na Didier akiondoka Estelle ataondoka. Hapo hakuwa na ubishi. Alikuwa na hofu, na mimi sikuwa na dawa yake.

Ukuta ule ukaanguka mchana mmoja. Estelle na Jenny walikuwa kwangu wakichambua majani ya sombe. Marceline alikuwa peke yake sebuleni akichota maji yaliyofurika mfereji, amevua blauzi isilowe, amebaki na kitenge kiunoni. Tulisikia kishindo, kisha sauti yake mara moja, kisha mvua tu. Nilipofika, Didier alikuwa amekwisha kupita juu ya matofali. Alikuwa amemtoa chini ya kifusi, amembeba mikononi, anamlaza juu ya kile kitanda. Alivua shati akamfunika kifua. Halafu akatoka nje, akasimama kwenye mvua, ametupa mgongo.

Mguu wa Marceline ulikuwa umevunjika. Hilo nililiona bila kuambiwa. Lakini Didier, kule nje, hakuwa anawaza mguu.

"Estelle, funga vitu," alisema. "Nimeona ku mwili ya mama buko kenye mutu haone. Nimemushika na mikono yangu. Minye siwezi kubakia hapa. Tunarudia kule ku gare, chini ya turubai, leo."

Estelle alinitazama, akamtazama mama yake, akachukua kitenge akakitandika chini, akaanza kuweka nguo za Jenny juu yake. Alikuwa mke wa mtu, angefanya nini? Nami niliona kila kitu kinatuponyoka: mabati, matofali, mgongo wa mwanamke mmoja aliyebeba nyumba nzima, vyote viliishia kwenye kitenge kile. Nilimkasirikia Didier, nikawakasirikia wakubwa waliotufikisha hapo, nikakosa wa kumpiga.

Ndipo Mama Marceline akajiinua kwa kiwiko. Nilimwambia alale. Hakunisikiliza.

"Didier," akaita.

Jina lile halikuwa limewahi kutoka kinywani mwake.

"Didier. Geuka, uniangarie."

"Mama, pardon. Heshima..."

"Ile heshima minye njo nilikuwa nakupatia. Nilikupatia mugongo, juu uko buko yangu. Lakini sasa muji muzima inakupatia mugongo. Bote. Kazini, barabarani, bale mulikuwa munasali nabo. Minye sitakupatia tena mugongo, mutoto yangu. Ni mingi. Geuka."

Mvua ilikuwa inapiga lile paa lililokatwa katikati. Mimi nilikuwa nalia bila haya. Kisha Didier akageuka. Alikuja hadi kitandani, akapiga magoti kwenye maji, akainua uso.

Marceline alimtazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Binti yake aliolewa na mtu huyu miaka mingi nyuma, akamzalia mtoto, na yeye mama uso ule hakuwa ameujua.

"Kumbe," akasema, "ile macho ya Jenny ni ya kwako."

Estelle akakikung'uta kile kitenge, akamfunika nacho mama yake miguuni. Gari moshi lilikuja wiki ile, likajaa, likaondoka. Wao hawakuwamo.