Mfongo wa Fidla Tano

Mnisamehe, mwandiko wangu umelala kama migomba baada ya upepo, na herufi nyingine huenda nimekosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole.

Ukutani kwetu Kibosho ipo picha aliyochora dada yangu: mfongo, mfereji wetu wa maji ya mlimani, ukipita kati ya migomba na kahawa. Kila nikiitazama nasikia muziki. Mwaka jana niliutunga, kwa nota za do-re-mi nilizojifunza kwenye kwaya, kwa ajili ya okestra ndogo ya parokia: fidla tano, filimbi moja na selo, ile fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa. Mwalimu wao alisema ukifaa utapigwa sikukuu ya mavuno. Nilitamani sana. Kusema mbele ya watu siwezi. Nilitaka muziki unisemee.

Siku ya kujaribu nilikaa karibu na mlango. Walianza wote pamoja, wakaenda hivyo mpaka mwisho. Zikawa kelele tupu.

"We mdogo wangu," mpiga selo akaniita, "huu mfongo au mafuriko? Mwenzio nimeshalowa!"

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Mbona umewapa wote wimbo kwa wakati mmoja?"

"Shikamoo, mwalimu." Woga ulinisahaulisha kwamba nilishamwamkia. "Sikutaka kumnyima mtu."

"Marahaba tena. Kwenu maji mnagawana vipi?"

"Kwa zamu."

"Haya. Nakupa hadi Jumamosi."

Ijumaa ilikuwa zamu yetu ya maji. Niliondoa gogo la mgomba lililoziba mlango wa mfereji, maji yakaingia shambani. Jirani wa shamba la chini alisimama ameegemea jembe, kimya, akisubiri tufunge ili maji yashuke kwake. Nikamwangalia kwa muda mrefu. Katika muziki wangu sikuwa nimeandika mtu hata mmoja anayesubiri.

Nilifuta karibu kila kitu. Fidla moja ikipata wimbo, nyingine zinanyamaza, mpaka zamu yao ifike.

Jumamosi walipiga. Mpiga selo akalalamika, "Mbona mimi wa mwisho?"

"Shamba lako liko chini, kaka," nikasema, kwa sauti. Wakacheka tena, na safari hii nami nilicheka. Mwalimu akazikunja karatasi zangu, akaziweka pamoja na nyimbo za mavuno.

Kwenu maji mnagawana vipi, na nani husubiri? Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma polepole.