Fimbo Niliyomchagulia Naisiae

Nakumbuka Jumamosi ile tulipoenda Kajiado kucheza pool, na hadi leo nikiikumbuka uso unanichoma. Nakuandikia wewe, mdogo wangu, unayeanza kushika fimbo ya pool mwaka huu. Mimi si mzee, ndiyo kwanza nimemaliza Form Four, lakini kosa halingoji mvi.

Binamu yetu Naisiae ana mikono mifupi na shabaha ya ajabu. Hapa Kitengela alikuwa na fimbo moja nyepesi, imebambuka rangi, na alitushinda nayo mezani sisi wote. Kajiado walikuwa wanachagua timu ya wasichana. Akishinda mchezo mmoja tu, anaingia.

Mimi nikaona ile fimbo yake itatuaibisha. Nikamchukulia inayong'aa, nzito kuliko zote. Mzee Parsaloi, anayetutengenezea fimbo, akanisimamisha mlangoni mwa karakana yake. Akailaza juu ya kidole. Ikainamia nyuma.

"Mwanangu, hii itamvuta mkono. Yeye anashika mbele, na uzito wote uko nyuma. Hata mchungaji hapewi rungu la mwingine."

"Mzee, hizo nyepesi ni za watoto."

Ni mimi huyo niliyejibu, mimi ambaye darasani kuomba ruhusa tu kulikuwa kunanitoa jasho! Ujasiri wangu wote niliumalizia mahali pabaya.

Naisiae aliikubali kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Basi kule Kajiado mpira mweupe mara unaruka meza, mara unaingia shimoni.

"Huyu mlimtoa wapi, kwenye kupasua kuni?" msichana mmoja akauliza, wakacheka.

"Hana mkono," akasema mwenye kuchagua timu.

Naisiae akanitazama. Ilibaki mimi kusema kwamba fimbo si yake, nimemlazimishia. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Tangu siku hiyo Naisiae hajagusa meza tena. Nilipomweleza Mzee, hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyouma. "Kukosea fimbo ni kitu kidogo," alisema. "Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ulimwachia abebe aibu yako, ukaona ni nyepesi."

Nimeenda kwao mara mbili kuomba msamaha. Alinipa chai, akaniambia habari za ndama wao. Ya pool hataki kusikia.

Kwa hivyo, mdogo wangu, usichague fimbo kwa macho. Ilaze kwenye kidole ujue uzito wake umekaa wapi. Piga mpira mweupe uende ukingo wa mbali urudi. Fimbo inayourudisha bila wewe kukaza bega, hiyo ndiyo yako, hata kama imechakaa. Usimpimie mwenzako kwa mkono wako. Na ukikosea, sema hapo hapo, hata sauti ikitetemeka, maana ukingoja ujasiri uje, mwenzako atakuwa ameshaamini kwamba kosa lilikuwa lake.

Mungu akupe mkono mtulivu, na mdomo unaofunguka kwa wakati.